Fundi wa Bomba la Kurudi

Nianze na mkono wake wa kulia, maana ndio uliotangulia kufika kila alipoingia. Kiganja kipana, kidole gumba kimepinda tangu kilipobanwa na spana, kucha nyeusi za dizeli ambazo hata Krismasi hazikutakata. Mkono huo ulipiga watu. Ulipiga vibarua, ulipiga madereva, ulimpiga mwizi wa dizeli mpaka mwizi mwenyewe akakimbilia polisi kuomba wamfungie ndani. Ulimpiga mdogo wangu Nestori kofi moja, na sikio lake la kushoto halijasikia kitu mpaka leo. Ukiniona namsifu mtu huyo hapa mbele, usidhani nimesahau. Sijasahau hata kidogo.

Tulimwita Fundi, basi. Kasulu ina mafundi wa kila kitu, wa baiskeli, wa simu, wa paa, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, mtu aligeuka kutazama kama yupo karibu. Kazi yake ilikuwa kuunga mabomba ya dizeli kwenye matanuri yanayowaka kwa mafuta. Huku kwetu si mengi. Kuna la mikate hapa Kasulu, ninapokanda unga mimi. Kuna la hospitali moja kule Kibondo, la kuchomea taka. Na kuna la jamaa wa Buhigwe anayechemshia sabuni. Yote aliyaunga yeye, na yote aliyatukana.

Kama hujawahi kuona tanuri la namna hiyo, nikueleze mara moja tuelewane. Tenki la dizeli linakaa nje, nyuma ya ukuta. Bomba jembamba la shaba linatoka kwenye tenki, linapita chini ya udongo, linaingia ndani mpaka kwenye kichomeo, kile chombo kinachorusha dizeli kama ukungu na kuiwasha tumboni mwa tanuri. Pampu ya kichomeo huvuta dizeli nyingi kuliko ile inayoungua, kwa hiyo kuna bomba la pili la kurudisha ziada kwenye tenki. Bomba la kwenda na bomba la kurudi, hayo tu. Mtu mmoja atakuungia hayo mabomba asubuhi na jioni ukala mkate. Mwingine atakuungia asubuhi na jioni watu wakawa wanakulilia.

"Bomba la kwenda lina koki," alikuwa akisema, akimnyooshea mtu kidole mpaka kinamgusa pua. "La kurudi halina koki. Halina! Dizeli ikikosa pa kurudi inapasua pampu, na pampu ikipasuka unaungua wewe, na mimi ndiye nitakayeitwa kuja kukukusanya." Alisema hivyo kwa kila mtu, hata kwa wateja waliokuja kununua mkate wa chai na hawajui koki ni nini.

Alifanya kazi kwa maneno mafupi. Fungua. Funga. Washa. Zima. Na ukiagizwa, ulirudia neno lilelile kabla ya kugusa kitu. Yeye yuko ndani kwenye kichomeo, wewe uko nje kwenye tenki, hamwonani. Akisema "Fungua," unajibu "Fungua," ndipo unafungua. Ukijibu kwa sauti ya chini ananguruma, "Kwa sauti!" Ukifungua bila kujibu, anakuja. Na akija, ule mkono unatangulia. "Dizeli haina masikio," alisema. "Mwenye masikio ni wewe." Tulizoea mpaka ikawa ugonjwa. Nyumbani kwangu nikimwambia mtu afunge mlango, namkodolea macho nikisubiri ajibu, "Funga."

Ukatili wake ulikuwa na aina, na aina mbaya kuliko zote niliiona Kibondo. Nilikuwa nimedandia gari lililompeleka, nina mikate yangu ya kusambaza, nikapita naye hospitalini. Alikuta fundi wa maji amegusa bomba lake, amefungua kiungo na kukizungushia ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji.

"Nani ameweka hii?"

"Ni mimi, mzee. Bila tepu si litavuja?"

"Linavujia asiyejua kutanua mdomo wa bomba la shaba ukabana wenyewe." Akaibandua ile tepu polepole, akaiviringa kwenye vidole, nami nikadhani ameshapoa. Halafu akamshika yule mtu taya, akamsukumia tepu yote mdomoni. "Tafuna. Vipande vya takataka hii ndivyo vinavyoingia kwenye pampu yangu. Tafuna nikuone!"

Yule mtu alitafuna. Mtu mzima, ana watoto wake, anatafuna tepu yenye dizeli huku machozi yanamtoka na wauguzi wamejaa dirishani. Nilipiga kelele, nikamvuta Fundi shati mpaka likachanika begani, naye hakugeuka. Muuguzi mmoja mwenye mwili ndiye aliyeingia katikati akamtoa. Njiani kurudi sikumsemesha. Yeye aliimba nyimbo za kwaya mpaka Kasulu, sauti ya besi, nzuri, inayotetemesha kioo cha gari, nami nikatamani kumchoma kisu.

Sasa sikiliza na hii. Hospitali ileile, safari nyingine, aliitwa kwa sababu kuna harufu. Akapitisha kidole chini ya viungo vyote kimoja kimoja, akakinusa, akakuta kimoja kimelowa. Kiungo hicho alikikaza yeye mwenyewe, na palikuwa na watu waliojua. Akasimama wima, akajipiga kofi usoni. Si kofi la kujifanya. Akajipiga la pili, damu ikamtoka puani ikadondokea shati, na wote tumeganda. Kisha akainama akakifungua kile kiungo akaanza upya. Hakuna aliyethubutu kumpa kitambaa.

Wako wanaosema ni vita. Kwamba mtu aliyevuka kutoka Burundi vile alivyovuka yeye, baada ya kuona aliyoyaona, mkono wake hauwezi kutulia. Mimi maneno hayo siyataki. Mama yetu naye alivuka pale Mabamba na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ni mimi, na maisha yake yote hajampiga hata mbwa. Wengi tulipita njia ileile, tukapewa uraia pamoja, tukalima pamoja. Hatukutoka wote tunalisha watu tepu.

Na mtu huyohuyo alikuwa hawezi kuchinja kuku! Mkewe aliniambia, nami sikuamini mpaka nilipoona. Wageni wamefika kutoka Mabamba, jogoo amekamatwa, kisu kipo, na Fundi anazunguka nyuma ya nyumba eti anatafuta kitu. Mwishowe mkewe alimbeba jogoo mpaka kwa jirani. Nilimuuliza huyo mama, sisi wawili tukichambua maharage, kama mumewe amewahi kumnyanyulia mkono. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Aka! Anisogelee aone. Nikifoka mimi, anakwenda kukaa kwenye kuni." Nilimwona siku moja kweli amekaa juu ya kuni, mtu mzima, anasubiri mkewe atulie ndipo aingie kula.

Sasa nifike kwenye moto, maana nimeukwepa vya kutosha.

Kipindi hicho dizeli ilikuwa inaibwa. Wezi walikuwa wameshajua kwamba bomba la kurudi limezama mpaka chini ya tenki; usiku walifungua kiungo chake huko nje, wakavuta dizeli kwa mdomo, wakakinga madumu, wakaondoka. Tajiri, mwenye kiwanda chetu, akaja na dawa yake. Alinunua koki yenye tundu la kupitisha kufuli, akamwagiza Nestori aifunge kwenye bomba la kurudi, palepale karibu na tenki. Jioni inafungwa, asubuhi inafunguliwa, ufunguo anakaa nao yeye Tajiri. Fundi hakuambiwa. Nani angemwambia? Wote tuliogopa ule mkono.

Nestori ndiye aliyekuwa mtu wa moto, yaani wa kuwasha tanuri na kulilinda. Asubuhi moja akafika, kufuli limefungwa, na Tajiri amekwenda Buhigwe na ufunguo mfukoni. Nje walikuwa wamekwisha kupanga foleni wachuuzi, akiwemo yule mama Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu ambaye huchukua mikate mingi kuliko wote.

"Dada," Nestori akaniambia, "dizeli si inaingia kwa lile bomba jingine? Hili la kurudi lina kazi gani kubwa?"

"Fundi yuko hapo ng'ambo anakunywa chai. Vuka barabara umuulize."

"Nikamuulize anitukane mbele ya watu? Au anilishe na mimi tepu?" Akacheka. Akawasha.

Tanuri liliwaka vizuri tu. Nilikuwa nimekwisha kukata donge la kwanza niliposikia pampu inalia mlio sijawahi kuusikia, kisha pakapasuka kitu, na dizeli ikatoka kwa nguvu ikapiga ukuta wa tanuri. Ukuta ulikuwa moto. Nilichoona baada ya hapo ni mwanga, na Nestori katikati ya mwanga, anapiga mikono hewani kama anafukuza nyuki.

Fundi alifika kabla sijamaliza kupiga yowe. Alianza nje, akafunga koki ya tenki. Kisha akaingia kwenye ule moto bila hata kujifunika, akamkamata Nestori kwa ukosi wa shati, akamtupa nje kama gunia la muhogo. Akarudi ndani, na koleo, na mchanga, akipiga ule moto na kuutukana kwa Kirundi mpaka ukafa. Alipotoka, vinyweleo vya mkono wake wa kushoto havikuwepo tena na ngozi ilikuwa inachuruzika. Akafuata lile bomba kwa macho, hatua kwa hatua, mpaka kwenye koki na kufuli.

"Nani?"

Angeweza kunyamaza, mdogo wangu. Angeweza kusema Tajiri. Alikuwa amekaa chini, anakohoa moshi, na akasema, "Ni mimi niliifunga, Fundi."

Kofi lilimkuta akiwa bado amekaa. Nilisikia mlio wake, na ninausikia hata sasa ninavyosimulia. Nestori akaanguka ubavu, damu nyembamba ikatoka sikioni ikaingia kwenye ukosi uleule aliookolewa nao. "Ungekufa!" Fundi alikuwa anapiga kelele, mwili mzima unamtetemeka. "Ungekufa, mbwa wewe! Ungekufa!"

Yule mama Mkongomani alishika kichwa. "Yoo! Huyu papa iko na roho ya namna gani? Anaokoa mutu, kiisha anamupiga?"

Haki yake nimpe: Tajiri naye alipigwa. Aliporudi kutoka Buhigwe alikutana na mkono uleule getini kwake, kofia ikaruka mpaka barabarani, na Fundi akalala mahabusu. Wazee wa kanisa wakaingilia. Wakakaa wote kwa Tajiri, na Fundi akasimama mbele ya watu akasema, "Samahani, Tajiri. Nilikosa." Akaachiwa, soda zikanywewa, Jumapili akaimba besi yake kama kawaida.

Hapo ndipo Nestori alipoumia kweli. Kofi lenyewe angelimeza. Alijua kosa lake. Lakini Tajiri mwenye kufuli kaombwa samahani, na yeye je? "Sitaki anipigie magoti," aliniambia. "Sitaki hata samahani yake. Nataka pole. Mtu akijikwaa sokoni anaambiwa pole na watu wasiomjua. Mimi sikio limekufa, yule mzee hajaniambia pole. Neno moja, mbele ya watu. Basi." Hilo tu. Mdogo wangu aliishi akisubiri hilo neno, na mimi niliishi nikimwangalia anavyosubiri.

Sikio moja ukilikosa, hukosi sauti tu, unakosa kujua zinatoka wapi. Nestori alikuwa anaitwa na anageukia upande wa ukutani. Bodaboda ilimkwangua mguu kwa sababu honi aliisikia kulia na pikipiki ikaja kushoto. Alikuwa anaimba kwaya, tena amesimama ubavuni mwa Fundi. Akaacha, akasema sauti za wenzake zimekuwa fujo. Watoto wa mtaani wakampa jina ambalo silitaji.

Mama yetu alikuja kutoka kijijini Kagerankanda kwa ajili ya jambo hilo. Akafika kwa Fundi, akapewa kiti cha mwenye nyumba, akaandaliwa chai ya maziwa. Fundi alimwita Mawe, kama tunavyomwita mama mzazi kwa lugha ya nyumbani, akainama kumsalimia kwa mikono miwili. Mama akasema haja yake kwa upole.

"Mawe, mwanao nilimtoa motoni," Fundi akasema. "Mtu niliyemtoa motoni nimpe pole ya nini?"

"Ya sikio, mwanangu."

"Anasikia. Anajifanya. Ningekuwa nimempiga vibaya, angelala hospitalini. Ongeza chai, Mawe."

Mama hakuongeza chai. Njia nzima nilimshika mkono, na tulipofika nyumbani akavua viatu akasema, "Yule mtu anaogopa." Nilikasirika. Niliona mama anamtetea. Anaogopa nini, na watu wote wanamwogopa yeye?

Aliendelea kuja kwenye tanuri letu, maana hakukuwa na mwingine. Akiingia mlango wa mbele, Nestori anatoka wa nyuma, anakwenda kukaa karibu na tenki. Fundi akisema "Fungua," Nestori anajibu "Fungua," ukuta uko katikati yao. Ndivyo walivyoishi. Kila mara niliombea Fundi azunguke ule ukuta, aseme lile neno, aende zake. Hakuzunguka.

Kisha akazeeka, ghafla kama wanavyozeeka watu wa nguvu. Mikono ikaanza kutetemeka. Akahamia Mabamba kulima muhogo na ndizi karibu na ndugu zake, na habari zake tukazipata kwa madereva tu: kwamba amekonda, kwamba bado anatukana. Nestori akachukua kazi ya mabomba hapa kwetu, ya kukaza na kusafisha chujio, na alikuwa hodari. Alijifunza kwa kumsikiliza yule mzee kupitia ukutani, kwa sikio moja.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, Tajiri akajenga tanuri jipya, kubwa, huko nyuma ya uwanja, na kichomeo kipya. Nestori alisema kulichimbia bomba anaweza, lakini kuliwasha mara ya kwanza hataki kulifanya peke yake. "Mleteni," akasema. Nikamtazama. "Ndiyo, mleteni. Kazi ni kazi."

Gari lilimleta akiwa amevaa koti la mwanawe. Nilipomwona nilishika mdomo. Ule mkono, ule mkono wenyewe, ulikuwa unatetemeka mpaka kufungua mlango wa gari kuliushinda. Akashuka, akanitazama. "Wewe bado unakanda unga? Ndiyo maana mikate ni migumu."

Akakalia kreti la soda, na Nestori akafanya kila kitu kwa mikono yake: akakata shaba, akatanua midomo ya bomba, akalaza mabomba mawili kwenye mtaro, la kwenda na la kurudi. Wakasemeshana yale maneno mafupi tu. Nikaona kitu ambacho pengine ni mimi peke yangu niliyekiona. Kila Fundi alipohamisha kreti, Nestori naye aligeuka, ili yule mzee abaki upande wake wa kulia. Amehamia huku, Nestori anageuka. Amehamia kule, Nestori anageuka. Baadaye Fundi akaacha kuhama. Akabaki anamtazama tu, mkono umelala mapajani unatetemeka.

Alichukua kipande kimoja cha shaba, akapapasa mdomo wake kwa kidole gumba kile kilichopinda. "Huu," akasema, "ni kama wangu." Masikio ya Nestori yaliiva, yote mawili.

Wakatoa hewa kwenye bomba. Wakawasha, moto ukashika, ukazima. Wakawasha tena, ukashika kidogo, ukazima. Pampu ilikuwa inaunguruma, uwanja mzima kelele. Fundi akainuka, akazunguka tanuri kwenda kuchungulia kwenye kile kitundu cha kuangalia moto, na kwa kuzunguka huko akawa kushoto kwa Nestori. Akaweka jicho. Nilimwona mgongo unavyokakamaa. Dizeli ilikuwa imetuama sakafuni mwa tanuri, kwenye matofali ya moto, inafuka mvuke. Tanuri zima limejaa mvuke wa dizeli, na Nestori ameshika swichi.

"Usiwashe!"

Nestori hakurudia neno.

"Usiwashe!"

Nilipiga kelele na mimi, lakini nilikuwa mbali, na ile pampu! Fundi alikuwa anasubiri jibu. Sekunde nzima ya maisha yake alisimama anasubiri mtu amjibu kama tulivyojibu siku zote, na macho yake yalikuwa kwenye sikio la kushoto la mdogo wangu. Sijapata kuona uso wa mtu ukivunjika namna ile. Alijua. Alichokikataa mbele ya mama, na mbele yetu sote, alikijua pale. Kisha akamrukia.

Alimpiga bega, Nestori akaruka pembeni kwenye matope huku kidole kimekwisha kubonyeza swichi, na mlango wa tanuri ukafunguka kwa kishindo kilichovunja madirisha ya ofisi. Moto ulitoka wote mara moja. Nestori hakuwepo mbele yake. Aliyekuwepo ni Fundi, amejikinga uso kwa mikono miwili.

Siku iliyofuata tulikwenda kumwona wodini, hapahapa Kasulu, wakati wa kuona wagonjwa. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa ndugu na vyombo vya uji. Walikuwa wamemfunga bandeji kichwa na macho, na mikono yote miwili imefungwa mpaka kwenye viwiko, minene, imelala juu ya shuka. Ule wa kulia hautofautishiki na wa kushoto. Mkewe akatoka nje kutupisha.

Nestori akaketi ukingoni mwa kitanda, ameangalia mlango kwa sababu hawezi kumtazama, na kwa kukaa hivyo sikio lililokufa ndilo lililokuwa upande wa Fundi. Mimi nilikaa miguuni.

"Nestori yupo?" Fundi akauliza. Sauti ilikuwa imekwaruzika, ile besi imekwisha.

"Yupo," nikasema. "Amekaa hapo kwako."

Kifua cha Fundi kikapanda, kikashuka. Kisha akasema, chini chini, kwa yule aliyekaa karibu naye:

"Pole."

Nestori aliendelea kutazama mlango.

Yule mzee akasubiri. Bandeji haina macho, lakini niliona midomo yake inavyosubiri, imefunguka kidogo. Dakika ikapita. Ikapita tena. Midomo ikafungika.

"Amekataa," akaniambia mimi. "Ana haki."

"Hajakataa!" Nilisimama, sijui sauti ile niliitoa wapi, wagonjwa wote wakageuka. "Hajakataa, hajasikia! Hasikii upande huo, mzee, uliliua wewe hilo sikio, hasikii!" Nestori alikuwa ananishangaa. Nilimkamata mabega, mwanamume mzima, nikamzungusha kitanda mpaka upande wa pili, nikamwinamisha kwa nguvu mpaka sikio zima likawa juu ya mdomo wa Fundi. "Haya. Sema tena!"

Mtu mmoja aliyekuwa anakunywa uji aliacha kijiko hewani. Nikaona aibu ya yule mzee inavyopanda chini ya bandeji, mbele ya watu wote wale, nami sikumwonea huruma.

"Pole, Nestori," akasema. "Pole ya sikio. Ni mimi niliyelipiga."

Nestori hakuinuka. Nikadhani atalia, nikadhani ataondoka. Akafungua mdomo, akarudia neno kama alivyofundishwa.

"Pole."

"Kwa sauti," Fundi akasema.

Mdogo wangu akavuta pumzi. "Pole!" akapiga kelele, muuguzi akaja mbio kutoka mlangoni. "Pole!"